Kisichoonekana Katika Kilo ya Maini

Mnunuzi wa nyama katika Dagoretti Corner, pale ambapo Barabara ya Ngong hukutana na Barabara ya Naivasha, ana njia nyingi za kujihami na ghashi. Hutazama rangi ya paja linaloning'inia nyuma ya kioo, huuliza limechinjwa lini, hutafuta muhuri wa wino wa mkaguzi ubavuni mwa mzoga, na akiwa mtu wa hadhari hukodolea macho mshale wa mizani mpaka utulie. Mizani yenyewe nayo ina muhuri wake, kwa kuwa Sheria ya Mizani na Vipimo, sura ya 513 ya sheria za Kenya, humlazimu mwenye duka aipeleke ikahakikiwe. Serikali basi imejishughulisha, tena kwa sifa njema, kuona kwamba kilo ya maini ni kilo kamili. Walakini kile kiasi kidogo cha dawa kinachoweza kuwamo ndani ya kilo hiyo, dawa ambayo ng'ombe alidungwa siku chache kabla ya kukutana na kisu, hakina rangi, hakina harufu, hakina ladha, wala hakuna jicho la mkaguzi, liwe kali namna gani, liwezalo kukiona. Kitu cha namna hiyo hujulikana kwa kupimwa tu. Na hata pale kinapopimwa, majibu yake hayamfikii huyu anayesubiri kufungiwa nyama yake katika karatasi.

Sisemi haya kwa kutaka kumtia mtu hofu na riziki yake. Nyama na maziwa ni neema, na watoto wengi wa Kawangware na Ngando huvipata vitu hivyo kwa uchache kuliko miili yao inavyohitaji. Nasema kwa kuwa naitakidi kwamba mlaji wa Nairobi ana haki ya kupimiwa kile asichoweza kujipimia mwenyewe, na kupewa majibu ya kipimo hicho kwa lugha anayoisoma. Na kwamba haki hiyo imecheleweshwa kupita udhuru wowote, ilhali elimu na vyombo vya kuitekeleza vimekaa mwisho wa barabara ile ile inayoanzia Corner.

Wala jambo lenyewe si la kukisia. Mwaka 2001 wataalamu wanne, Muriuki, Ogara, Njeruh na Mitema, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya mabaki ya dawa za jamii ya tetrasaiklini katika nyama ya ng'ombe iliyotoka machinjio matano yanayoulisha mji huu: Athi River, Dandora, Ngong, Kiserian na Dagoretti. Sampuli walizozipima zilikuwa 250. Zilizoonekana kuwa na mabaki ya dawa zilikuwa 114, yaani asilimia 45.6, na katika hizo, 60 zilikuwa za maini, 35 za figo, na 19 za mnofu. Sampuli 110 zilikuwa na oksitetrasaiklini, dawa ambayo hakuna mfugaji wa viunga vya Nairobi asiyeijua kwa rangi yake ya manjano, na nne zilizosalia zilikuwa na ndugu yake, klotetrasaiklini. Wastani wa mabaki katika sampuli za Dagoretti ulikuwa mikrogramu 640 kwa kilo. Za Athi River ulipanda hata 1,046.

Mikrogramu ni sehemu moja katika milioni ya gramu, na mtu aweza kuuliza kama vumbi la namna hiyo lastahili kushughulisha watu wazima. Jawabu limo katika vikomo vilivyowekwa na tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la chakula na la afya, ambayo kwa oksitetrasaiklini huruhusu mikrogramu 200 katika kilo ya mnofu, 600 katika kilo ya ini, na 1,200 katika kilo ya figo. Vikomo hivyo hukadiriwa na wajuzi wa sumu wakizingatia kiasi ambacho binadamu aweza kukila kila siku ya maisha yake pasipo madhara, kisha wakaacha nafasi kubwa ya usalama. Mlaji aliyevuka kikomo siku moja hatakufa usiku ule. Aliyekivuka kila juma kwa miaka kumi ndiye ambaye wajuzi hao hawakumwekea dhamana.

Maini yapewe nafasi yake katika habari hii, kwa sababu hapo ndipo sayansi na desturi zetu zinapogongana. Ini ndilo lichujalo damu, na dawa nyingi hupitia humo na kukaa humo kabla ya kutoka mwilini. Ndiyo maana maini yaliongoza katika uchunguzi ule. Na ini ndilo tunalomnunulia mtoto aliyedhoofu, mwanamke mwenye mimba, na mgonjwa aliyetoka hospitali, kwa kuwa linajenga damu, na ni kweli linajenga damu. Hivyo kipande ambacho huelekea kuwa na dawa nyingi zaidi ndicho kinachopelekwa kwa makusudi, na kwa mapenzi, katika sahani ya yule ambaye mwili wake una nguvu kidogo za kustahimili.

Msomaji mwenye insafu ataniambia kwamba ng'ombe wa mwaka 2001 wamekwisha kuliwa, na waliowala wamezeeka, na haifai kuwahukumu wachinjaji wa leo kwa hesabu za jana. Nakubali, wala siwahukumu. Pengine hali ya leo ni njema kuliko ile. Pengine ni mbaya zaidi. Ninalolishikilia ni kwamba uchunguzi wa aina ile ulipaswa kuwa wa kwanza katika mfululizo usiokatika, ukafanywa upya kila juma na kutangazwa kila mwezi, badala ya kuwa kazi ya wanavyuoni inayosomwa na wanavyuoni wenzao. Tukitaka leo kumjibu mama anayeuliza pale Corner kama maini haya yana dawa, aghalabu tunalazimika kwenda kufungua jarida la zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na hilo pekee ni taksiri kubwa ya wale waliopewa amana ya chakula chetu.

Dawa hufikaje humo? Mtu akitaka kumlaumu mfugaji na akome kwanza, ajue jinsi mambo yanavyokwenda. Mfugaji wa Waithaka au Mutuini, au wa ng'ambo kidogo katika Kikuyu, ana ng'ombe mmoja au wawili bandani, anawakatia majani ya napia kando ya njia na kuwanunulia machicha na unga wa dukani. Asubuhi moja anakuta kiwele kimevimba, na maziwa yanatoka mabonge. Anakwenda duka la agroveti, ambako kijana aliye nyuma ya meza huitwa daktari na kila mtu, awe amesoma udaktari au hakusoma. "Mpige hii siku tatu, mama," anaambiwa, na chupa inatiwa mfukoni. Katika karatasi iliyobandikwa chupani, kwa herufi ndogo za Kiingereza, imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa, na siku nyingine zaidi kabla ya kuchinja. Na kwa oksitetrasaiklini ile inayodumu mwilini, siku za kusubiri nyama huweza kufika 28. Ni wachache wanaosomewa karatasi hiyo dukani, na ni wachache zaidi wenye uwezo wa kumwaga maziwa ya siku kadhaa, ilhali maziwa hayo ndiyo karo ya shule na ndiyo mafuta ya taa. Dawa inayotiwa moja kwa moja kiweleni ina ukali wake wa peke yake, kwa kuwa hutoka na maziwa yale yale. Kikomo cha penisilini katika maziwa ni mikrogramu nne kwa lita. Basi gramu moja tu ya penisilini, ikigawanywa sawasawa, yatosha kuzifikisha lita 250,000 kwenye kikomo hicho. Ndoo ya ng'ombe mmoja aliyetibiwa jana, ikimiminwa katika tangi la wachuuzi, huwatia makosani wafugaji wote waliomimina kabla yake.

Na kuna jambo zito kuliko hilo, ambalo watu wa mnada hulijua sana na kulisema kidogo. Ng'ombe anayepona hubaki bandani. Anayeuzwa kwa haraka ni yule ambaye dawa zimemshinda. Aliyedungwa Jumatatu, akaongezwa Jumatano, akaonekana hafiki Jumapili, Alhamisi huitwa dalali, na usiku huo huo yumo katika lori. Kwa mwenyewe hiyo ni njia ya kuokoa angalau sehemu ya mali yake, na ni nani asiyeielewa? Lakini matokeo yake ni kwamba miongoni mwa ng'ombe wafikao kisuni, waliojaa dawa ni wengi kuliko wanavyokuwa bandani. Mitema na wenzake walikadiria kwamba kati ya mwaka 1995 na 1999 mifugo ya Kenya ilitumia kwa wastani zaidi ya tani 14 za viuavijasumu kila mwaka, na zaidi ya nusu yake ilikuwa tetrasaiklini. Dawa za wingi huo hazipotei hewani.

Sheria ya mwaka 2011 juu ya madaktari wa mifugo, na kanuni za mwaka 2015 zilizoanzisha Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, zimejaribu kuliweka duka la agroveti chini ya uangalizi. Ni hatua njema, walakini kumwangalia muuza dawa hakutuambii dawa imeishia wapi.

Wa kwanza duniani kuliona tatizo hili hawakuwa matabibu, walikuwa watengenezaji wa jibini na mtindi. Baada ya penisilini kuanza kutiwa katika viwele vya ng'ombe wa Ulaya na Marekani, miaka ya arobaini na hamsini ya karne iliyopita, maziwa yakaanza kukataa kuganda, kwa kuwa vijidudu vinavyogandisha mtindi ni miongoni mwa viumbe wanaouawa upesi na penisilini. Mama wa Riruta anayetengeneza mala nyumbani, akaona siku moja maziwa yamekaa usiku kucha bila kushika, hulaumu baridi au hulaumu chachu. Na mara nyingine huwa amesadifu, lakini mara nyingine amefanya kipimo cha maabara pasipo kujua. Wala kuchemsha hakumwokoi. Moto huua vijidudu, lakini penisilini huvumilia kuchemshwa kwa jikoni, na sehemu kubwa yake hubaki katika chai.

Kwa hakika kipimo kitumiwacho sana na viwanda vya maziwa ulimwenguni hujengwa juu ya kanuni hiyo hiyo ya vijidudu, na nataka nikieleze kwa ukaribu, maana watu hudhani kupima ni jambo la mashine za mamilioni peke yake. Ni kichupa kidogo kipitacho kidogo tu ukubwa wa kidole. Ndani yake mmegandishwa agari ya rangi ya zambarau, na ndani ya agari hiyo zimelazwa mbegu hai za kijidudu kipendacho joto, Geobacillus stearothermophilus. Mpimaji huchukua maziwa kidogo sana, sehemu ya kumi ya mililita, huyadondosha juu ya agari, kisha huviweka vichupa vyake katika joto la nyuzi 64 kwa muda wa saa tatu hivi. Maziwa yakiwa safi, vijidudu huamka, hula, hutoa asidi, na zambarau hugeuka manjano. Yakiwa na dawa ya kutosha kuviua, hakuna kinachoamka, na kichupa hubaki zambarau. Msichana aliyemaliza kidato cha nne aweza kufundishwa kazi hiyo kwa muda mfupi, na akaisoma kwa macho yake pasipo shaka.

Kipimo hicho kina upungufu wake. Ni hodari kwa penisilini kuliko kwa tetrasaiklini, na chasema kwamba dawa ipo pasipo kutaja jina lake wala kiasi chake. Na mtu hawezi kufikishwa mahakamani kwa rangi ya zambarau. Hapo ndipo mashine zinapoingia. Sampuli iliyoshukiwa husagwa, hutolewa mafuta na protini, kisha maji yake husukumwa kwa nguvu katika mrija mwembamba uliojazwa unga maalumu, ambamo kila dawa hukawia kwa kadiri ya tabia yake na kutoka kwa wakati wake. Na mwisho wa mrija hukaa chombo kinachopima uzito wa molekuli zenyewe, hata kikaweza kutofautisha dawa mbili zinazofanana kama mapacha. Kazi hiyo ni ghali, yataka umeme usiokatika, gesi safi, na mtu aliyesoma miaka mingi. Kwa hiyo watu wenye busara huanza na kichupa rahisi kwa sampuli nyingi, na kuipelekea mashine zile chache zilizoshukiwa.

Kuna upande mwingine ambao wachache huuangalia, nao ni chakula cha mifugo chenyewe. Baina ya mwaka 1948 na 1950, Thomas Jukes na Robert Stokstad, katika maabara za Lederle huko New York, waligundua kwamba vifaranga waliolishwa mabaki ya utengenezaji wa klotetrasaiklini walikua upesi kuliko wenzao. Habari ikaenea, na kwa miaka mingi mamilioni ya wanyama wasiougua walilishwa viuavijasumu katika unga wao wa kila siku kwa ajili ya kunenepa. Uingereza iliunda kamati chini ya Profesa Swann, ambayo mwaka 1969 ilionya juu ya jambo hilo. Uswidi ikalipiga marufuku mwaka 1986. Na Umoja wa Ulaya ukamaliza kulifungia mlango tarehe 1 Januari 2006. Kwetu dawa za namna hiyo hutumika kwa wingi katika ufugaji wa kuku, ambao umejaa katika mabanda ya mbao na mabati kutoka Uthiru hata Kinoo, na mara nyingi hutiwa katika maji ya kunywa kifaranga angali wa siku moja, ili kuzuia ugonjwa ambao haujatokea.

Lakini hata mfugaji mwangalifu, ambaye hajatia dawa yoyote kwa mkono wake, aweza kuponzwa na kinu. Kichanganyio kilichotoka kuchanganya chakula cha vifaranga chenye dawa ya kuzuia koksidia, vimelea waletao ugonjwa wa kuharisha damu, kikafuatishwa na chakula cha kuku wa mayai pasipo kusafishwa, hubakiza vumbi katika pembe zake na katika mabomba yake. Na vumbi hilo huingia katika magunia ya kwanza ya zamu inayofuata. Kuku wa mayai hana siku za kusubiri. Hutaga leo, na kesho hutaga, na dawa aliyokula huonekana katika kiini cha yai linalouzwa na kuliwa asubuhi na mtu mwenye haraka ya kupanda matatu. Mfugaji hakujua, muuza mayai hakujua, na pengine mwenye kinu mwenyewe hakujua. Mkosa asiyejua kosa lake hakemewi akaacha. Huonyeshwa kwa kipimo.

Kwa sababu hiyo naona kwamba shilingi moja itumikayo kupima chakula cha mifugo kinuni ina faida kuliko shilingi kumi zitumikazo kupima mayai sokoni, kwa kuwa zamu moja ya kinu hulisha maelfu ya kuku. Kazi hiyo ina ugumu wake, na wapimaji huujua: dawa haienei sawasawa katika unga, hivyo konzi moja kutoka gunia moja haithibitishi kitu, na lazima mkaguzi achote kutoka magunia mengi, juu, kati na chini, achanganye, agawe, kisha ndipo apime. Sheria ya Mbolea na Vyakula vya Mifugo, sura ya 345, ni ya mwaka 1963. Ina umri wa jamhuri yenyewe karibu, na ilitungwa katika zama ambazo swali la chakula cha mifugo lilikuwa aghalabu kama gunia lina protini iliyotajwa au limejazwa maganda.

Madhara yenyewe yasemwe kwa uaminifu, yasikuzwe wala yasifichwe. Wako watu ambao miili yao huikataa penisilini kwa ukali, hata kiasi kidogo kikawaletea vipele au kubanwa pumzi. Iko kloramfenikoli, dawa ambayo kwa watu wachache, nadra lakini pasipo kutabirika, huua uboho unaotengeneza damu. Na kwa kuwa haikujulikana kiasi chake kisicho na hatari, wajuzi hawakuiwekea kikomo hata kidogo katika chakula, wakaiondoa kabisa kwa wanyama wa kuliwa. Lakini dhara lililo kubwa kuliko yote ni la pole pole: vijidudu vinavyozoeshwa dawa kidogo kidogo hujifunza kuishi nayo, kisha siku mtoto anapougua kwa kweli, dawa ile ile huingia mwilini mwake na kutoka pasipo kufanya kazi. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 yalisema kwamba watu milioni 1.27 walikufa duniani mwaka 2019 kwa sababu ya bakteria sugu. Si wote, wala si wengi wao, waliouawa na nyama. Matumizi mabaya ya dawa kwa wanadamu wenyewe yana sehemu kubwa. Walakini Kenya yenyewe, katika mpango wake wa taifa wa 2017 hata 2022 wa kupambana na usugu, ilikiri kwamba hospitali, banda na kinu ni mlolongo mmoja.

Sasa nije kwenye hoja inayoniuma zaidi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, baada ya kubainika kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia sumu kuvulia. Pigo lilikuwa zito. Basi ikawa nini? Serikali tatu zikaamka. Maabara zikatafutwa, wakaguzi wakafundishwa, mialo ikajengwa upya, na katika muda usio mrefu sangara wetu akarudi katika meza za Ulaya akiwa na hati za vipimo. Kadhalika nchi yoyote itakayo kuuza nyama, maziwa, asali au samaki wa kufugwa katika nchi hizo iliwajibishwa, kwa agizo la mwaka 1996, kupeleka kila mwaka mpango wake wa kupima mabaki ya dawa na majibu yake. Hayo yote hutuonyesha kwamba tunapodaiwa na mlaji wa mbali, tunaweza. Lau mlaji wa Hamburg angekula maini ya Dagoretti, tungekwisha kujua zamani yana nini. Mlaji wa Kawangware hana ubalozi wala hana agizo, na kutokuwa navyo kumemfanya aonekane hana haja ya kupimiwa.

Ana katiba, hata hivyo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika, na kifungu cha 46 kimempa haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidi bidhaa anazonunua. Habari ya dawa iliyomo katika nyama ni habari ya namna hiyo hiyo, tena iliyo bora kuliko nyingi.

Wako wasemao kwamba kutangaza majibu kutaleta taharuki. Wanataja Julai 2019, runinga ya NTV ilipoonyesha jinsi kemikali ya kuhifadhi chakula ilivyotiwa katika nyama ya baadhi ya maduka makubwa ili ionekane mbichi, ambapo watu walikimbia mabucha kwa siku kadhaa, kisha wakarudi. Mimi nalichukua tukio hilo kama ushahidi wa upande wangu. Taharuki ilikuja kwa sababu habari ilikuwa ngeni, imefichuliwa na wanahabari kwa siri, na hapakuwa na hesabu ya mwezi uliopita wala ya mwezi uliofuata ya kuilinganisha nayo. Watu wanaosoma majibu kila mwezi hujua kutofautisha mwezi mbaya na msiba. Wengine huhofia bei. Lakini nyama itapandaje bei kwa kupimwa? Kila mzoga hulipiwa ada ya ukaguzi hata sasa. Sampuli chache kwa juma kutoka kila machinjio, zilizochaguliwa pasipo upendeleo, hazihitaji ada mpya ya kumtisha mnunuzi.

Turudi katika jiografia, kwa kuwa inatusuta. Anayeshika Barabara ya Naivasha kutoka Corner, akapita Riruta na Kawangware katikati ya mikokoteni na wachuuzi wa mitumba, hufika Uthiru, ambako Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo ina makao yake makuu. Akivuka Barabara ya Waiyaki yumo Kabete, penye maabara ya serikali ya mifugo iliyoanzishwa mwaka 1910, ambayo watu wake waliuelezea ulimwengu homa ya Bonde la Ufa mwaka 1931, na penye kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wamesoma na kufundisha wengi wa wataalamu wetu wa sumu na dawa. Upande mwingine, magharibi, si mbali, ndiko yaliko machinjio ya Dagoretti. Kwa pikipiki, sampuli ya ini yaweza kutoka machinjioni na kufika katika mashine ya kupimia kabla ng'ombe hajamaliza kukatwa vipande. Ni miji michache ya Afrika iliyojaliwa ukaribu huo wa kisu na darubini.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa idara ya mifugo ya kaunti ya Nairobi, na wenzao wa Kiambu na Kajiado ambako nyama yetu nyingine hutoka, pamoja na serikali kuu ambayo ndiyo yenye maabara, waanze na machinjio ya Dagoretti peke yake, kwa mwaka mmoja. Sampuli zichukuliwe kila juma, za maini na figo kwanza, kwa kuwa huko ndiko dawa hujificha. Vinu vya chakula cha mifugo vya eneo hilo navyo vitembelewe pasipo kutoa taarifa. Majibu yabandikwe katika mlango wa machinjio, yaandikwe kwa Kiswahili, yakitaja juma, idadi ya sampuli, dawa iliyoonekana, ngapi zimevuka kikomo na hatua gani imechukuliwa, na nakala yake itundikwe buchani kando ya leseni. Na mfugaji atakayesema mwenyewe, kabla ya mnada, kwamba ng'ombe wake alidungwa juma lililopita, asitozwe faini wala asifukuzwe. Apewe mahali pa kumweka ng'ombe huyo mpaka siku zake zitimie, na chama chake cha ushirika kimkopeshe sehemu ya bei yake siku hiyo hiyo, kwa kuwa mtu ambaye ukweli utamgharimu karo ya mtoto wake hatausema, hata maabara zikiwa kumi.